UCHAMBUZI: Michezo ya video ya kale yarudi na sura mpya, ila ile asilia inawekwa wapi?

WAHENGA walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Mashabiki wa michezo ya video kote ulimwenguni walionja ukweli wa kauli hiyo mnamo Novemba 11, 2021, siku ambayo kampuni ya Rockstar Games ilirejesha sokoni michezo yake mitatu maarufu ya Grand Theft Auto ikiwa imepakwa rangi upya na kufungwa katika furushi moja.

Michezo hiyo, yaani Grand Theft Auto III ya mwaka wa 2001, Vice City ya 2002 na San Andreas ya 2004, si migeni kwa msomaji wa humu nchini. Kizazi kizima cha vijana wa mitaa ya Nairobi, Mombasa, Nakuru na Kisumu kiliijua katika vibanda ambamo runinga moja na mashine moja ya PlayStation 2 zilitosha kukusanya watoto ishirini, kila mmoja akiwa na sarafu kiganjani akisubiri zamu yake. Mwandishi wa makala haya alikuwa miongoni mwao, na hana sababu ya kuficha kwamba mara nyingine sare ya shule ilikuwa bado mwilini.

Kwa hivyo, habari kwamba San Andreas ingerudi, safari hii ikiwa na picha angavu zinazofaa runinga za kisasa, zilipokelewa kwa bashasha. Jambo ambalo wengi hawakulitilia maanani ni kwamba takriban mwezi mmoja kabla ya siku hiyo, matoleo ya awali ya michezo yote mitatu yalikuwa yameanza kuondolewa katika maduka ya mtandaoni. Aliyeitaka San Andreas hakuachiwa hiari: ama anunue mpya, ama akae bila.

Na mpya ilikuwa kioja. Mvua ilinyesha kwa mistari myeupe mithili ya nyuzi za cherehani, ikamziba dereva macho. Nyuso za wahusika zilivimba na nyingine zikapoteza hisia kabisa. Kazi hiyo ilikuwa imekabidhiwa kampuni ndogo ya Grove Street Games ya jimbo la Florida, Marekani, ambayo ilitumia programu za tarakilishi kunoa picha nyingi kwa mkupuo. Programu hizo hazijui kusoma. Mabango ya maduka ambayo maandishi yake yalikuwa yamefifia yaliibuka na tahajia za ajabu ambazo mwanafunzi wa darasa la tatu angezisahihisha.

Hata hivyo, kosa lililozungumziwa sana lilikuwa dogo mno kwa macho. Katika mji wa Los Santos mna mkahawa wa donati uitwao Tuff Nut Donuts, na alama yake ni nati kubwa ya chuma, ile ya kukazia bolti, yenye pembe zake sita. Ulikuwa mzaha wa maneno: nati imewekwa pale ambapo mtu angetarajia donati. Katika toleo jipya, pembe zile zililainishwa kana kwamba zilikuwa uduni wa picha za kale, nati ikawa mviringo kama bangili, na mzaha ukafa hapo hapo. Ni bayana kwamba hakuna aliyejisumbua kuuliza ile nati ilikuwa inafanya nini pale.

Kisa cha ukungu kinafunza zaidi ya hicho cha nati.

PlayStation 2, iliyoanza kuuzwa nchini Japani mnamo Machi 2000, ilikuwa na kumbukumbu kuu ya megabaiti 32 pekee. Simu ya kisasa ya bei nafuu inayouzwa leo katika barabara ya Luthuli, Nairobi, ina kumbukumbu kubwa mara nyingi zaidi ya hiyo. Kwa nafasi hiyo finyu, mafundi wa Rockstar waliokuwa Edinburgh, Scotland, walitakiwa kujenga jimbo zima lenye miji mitatu, misitu, jangwa na mlima. Mashine haikuweza kuchora vitu vilivyo mbali, hivyo wakavifunika kwa ukungu na vumbi la rangi ya chungwa. Pazia hilo la kuficha udhaifu wa mashine likawa ndilo lililoupa mchezo ukubwa wake. Aliyetoka Los Santos kuelekea Las Venturas aliamini kwamba amesafiri mwendo mrefu kwa kuwa alikotoka hakukuonekana tena.

Mwaka wa 2021, pazia liliondolewa. Mchezaji aliyepanda kilele cha Mlima Chiliad aliiona miji yote mitatu imebanana chini yake, huu ukikaribia kugusana na ule. Nchi iliyokuwa pana iligeuka kiwanja cha kijiji. Ardhi yenyewe ilikuwa ile ile, haikupunguzwa hata inchi moja. Kilichoondoka ni imani ya mchezaji.

Ikumbukwe kwamba haya yalikuwa yameshatokea. Silent Hill 2, mchezo wa kutisha uliotolewa na kampuni ya Konami ya Japani mwaka wa 2001, hutukia katika mji uliogubikwa na ukungu mzito. Kampuni hiyo ilipoamua kuurudisha mwaka wa 2012 kwa ajili ya runinga mpya, iligunduliwa kwamba msimbo wa mwisho wa programu ya mchezo huo haukuwa umehifadhiwa. Mafundi walipewa msimbo wa kabla ya kazi kukamilika, uliojaa kasoro ambazo wenzao walikuwa wameshazitatua muongo mmoja uliotangulia. Wakaanza kuzitatua upya. Ukungu ulipopungua, mchezaji aliyekuwa ziwani alikiona kikomo cha maji, yamekatika ghafla kama ukingo wa mkeka.

Hapa ndipo panapohitaji tafakuri. Katika michezo ya kale, upungufu wa mashine na ufundi wa msanii vilisukwa pamoja hivi kwamba anayevuta uzi mmoja huufumua na mwingine. Wasanii wa miaka ya themanini na tisini walichora picha zao wakijua zitaonekana kwenye runinga za kioo kinene, ambazo nukta zake huvujiana rangi kidogo. Maporomoko ya maji katika Sonic the Hedgehog, mchezo wa mwaka wa 1991, yalichorwa kwa mistari ya wima iliyopishana na nafasi tupu. Kwenye runinga ya zamani mistari hiyo ilichanganyika, maji yakaonekana kama kitu unachoweza kukiona upande wa pili. Kwenye kioo cha leo kinachoonyesha kila nukta kwa ukali, utaona ua wa fito. Anayesema kwamba anasafisha picha hana budi kwanza kujua uchafu ni upi na kazi ya mikono ni ipi.

Si kwamba kila kinachorudishwa ni kidonda. Biashara hii ina matawi matatu ambayo aghalabu watu huyachanganya. Kuna mchezo unaotolewa tena jinsi ulivyokuwa, ukitiwa tu programu ya kuuwezesha kuendeshwa kwenye mashine mpya. Kuna ule unaong'arishwa picha na sauti huku mifupa yake ikibaki. Halafu kuna ule unaobomolewa hadi msingi na kujengwa upya, kama Resident Evil 2 ya kampuni ya Capcom. Ya kwanza ilitoka mwaka wa 1998, kamera zikiwa zimesimama pembeni kama za kituo cha polisi. Ile ya 2019 inamfuata mhusika begani na kumpeleka mchezaji katika vyumba vile vile kwa hofu tofauti kabisa. Imeuza zaidi ya nakala milioni 10. Kinachofurahisha zaidi ni kwamba mnamo Agosti 2024, Capcom iliurudisha sokoni mchezo ule wa 1998 jinsi ulivyokuwa, kupitia duka la mtandaoni la GOG lenye makao yake nchini Poland. Mama na binti wakawa katika rafu moja.

Oblivion nao ulitendewa haki. Mchezo huo wa mwaka wa 2006 ulirudi ghafla Aprili 22, 2025 bila matangazo ya miezi mingi tuliyoyazoea, na katika muda wa siku chache Bethesda, kampuni inayoumiliki, ikatangaza kwamba wachezaji zaidi ya milioni 4 walikuwa wameshauingia. Mafundi waliweka injini mpya ya kuchora picha juu ya injini ile kuukuu, ambayo bado ndiyo inayoendesha mambo chini kwa chini. Kuna mahali katika mchezo wa 2006 ambapo mwigizaji wa sauti anakosea, anasema aachwe arudie, kisha anarudia; mhariri wa sauti alisahau kukata. Mwaka wa 2025 kosa hilo liliachwa makusudi. Linganisha na ile nati. Kote kuwili kulikuwa na kitu kilichofanana na dosari, ila hapa palikuwa na mtu aliyejua kwamba wachezaji walikuwa wameshalipenda.

Na wapo waliothubutu kwenda mbali zaidi. Final Fantasy VII iliyotoka Japani Januari 1997 ilipoundwa upya mwaka wa 2020, chini ya baadhi ya watu wale wale walioitunga, ilitiwa viumbe vya kivuli ambavyo hujitokeza kila hadithi inapotaka kuacha njia yake ya 1997. Kazi yao ni kuirudisha njiani. Mwishoni mashujaa wanapigana na vivuli hivyo ili wawe huru kuishi vingine. Kwa maoni yangu, hakuna uhakiki wa biashara hii ya kurudia-rudia uliowahi kuandikwa ulio mkali kuliko huo, na umeandikwa na wahusika wenyewe ndani ya bidhaa yao! Lakini utamu wote wa hoja hiyo unategemea jambo moja. Lazima mchezaji aijue hadithi ya kwanza, au angalau aweze kuipata.

Hilo la kuweza kuipata ndilo kiini cha tatizo. Mnamo Julai 2023, wakfu wa Video Game History Foundation nchini Marekani, kwa ushirikiano na mtandao wa Software Preservation Network, ulitoa utafiti ulioonyesha kuwa asilimia 87 ya michezo ya kale iliyotolewa nchini humo kabla ya mwaka wa 2010 haiuzwi tena kwa njia yoyote halali. Kwa kila michezo mia moja, ni kumi na mitatu tu ambayo mtu anaweza kuinunua akiwa na pesa zake mkononi. Haina maana kwamba iliyobaki imeteketea. Nakala zipo kwa wakusanyaji, katika hifadhi chache na, tuseme ukweli, kwa maharamia wa mtandaoni. Ila kwa mwananchi wa kawaida anayetii sheria, haipo.

Sababu ni nyingi na baadhi zina mashiko. Metal Gear Solid 2 na 3 ziliondolewa madukani mnamo Novemba 2021 kwa kuwa leseni ya picha za kihistoria zilizotumiwa ndani yake ilikuwa imekwisha, na zikarudi Oktoba 2023. San Andreas ilipoteza baadhi ya nyimbo za redio zake kwa sababu kama hiyo. GoldenEye 007 ya mwaka wa 1997 ilikwama miaka 25 na ushei kwa kuwa wenye haki juu yake, wa filamu na wa michezo, hawakukubaliana hadi Januari 2023. Mtu anaweza kuwaelewa.

Lakini nani atanieleza kisa cha Super Mario 3D All-Stars? Nintendo ilikusanya michezo mitatu ya mhusika wake huyo, ikaanza kuiuza Septemba 18, 2020, na papo hapo ikatangaza kwamba ingeacha kuiuza Machi 31, 2021. Hapakuwa na leseni iliyokwisha wala msimbo uliopotea. Palikuwa na kampuni iliyojua kwamba mteja anayeambiwa mlango unafungwa hununua mbio. Miaka miwili baadaye, Machi 27, 2023, kampuni hiyo hiyo ilisitisha mauzo katika maduka ya mtandaoni ya mashine zake za Wii U na 3DS, na mamia ya michezo iliyouzwa humo pekee ikakosa pa kununuliwa.

Maktaba zingeweza kuziba pengo hili, na zimejaribu. Nchini Marekani, sheria ya hakimiliki inaziruhusu kuhifadhi michezo ambayo haiuzwi tena, ila anayetaka kuichunguza sharti afunge safari hadi kwenye jengo lenyewe. Wahifadhi waliomba ruhusa ya kuwafungulia watafiti kwa njia ya mtandao, kama inavyofanywa kwa vitabu na filamu. Chama cha kampuni za michezo kilipinga, na mnamo Oktoba 25, 2024, Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ikakataa ombi hilo, mojawapo ya hofu ikiwa kwamba watu wangeitumia michezo hiyo kujiburudisha.

Yaani kitu kilichoundwa kuburudisha kinafungiwa kisije kikaburudisha.

Kampuni nazo zina utetezi wake. Husema kwamba mashine za zamani zinakufa, diski zinachakaa, na kwamba bila faida hakuna atakayelipa mafundi kuifufua michezo hiyo. Aidha, toleo jipya huwaletea mchezo watu ambao ule wa kwanza uliwafungia nje: asiyeona vizuri sasa anaweza kukuza maandishi, na mwenye mkono mmoja anaweza kupanga vitufe apendavyo. Hoja hizi ni za kweli. Vilevile ni haki ya mtunzi kuisahihisha kazi yake, jinsi mwandishi wa riwaya anavyoweza kuirekebisha katika chapa ya pili. Tofauti ni kwamba mwandishi anapofanya hivyo hawatumi watu majumbani na maktabani kukusanya chapa ya kwanza. Blizzard ilifanya jambo linalokaribiana na hilo mnamo Januari 2020, ilipotoa toleo jipya la Warcraft III ya mwaka wa 2002: hata waliokuwa wamenunua mchezo wa zamani miaka mingi nyuma walijikuta wakisukumiwa programu mpya walipotaka kucheza mtandaoni, pamoja na kasoro zake.

Ndiyo maana kilio cha wachezaji kimehama kutoka kwenye ubora hadi kwenye umiliki. Ubisoft ilipozima mitambo ya mchezo wa The Crew mnamo Machi 31, 2024, zaidi ya miaka tisa baada ya kuutoa, waliokuwa wameununua walibaki na diski isiyo na kazi. Kampeni iliyozuka barani Ulaya ilikuwa imekusanya zaidi ya sahihi milioni 1.4 kufikia mwisho wa Julai 2025, ikiitaka Tume ya Ulaya iwalazimishe wauzaji kuacha mchezo katika hali inayoweza kuchezeka. Jimbo la California lilichagua njia fupi: tangu Januari 1, 2025, anayeuza bidhaa ya kidijitali hana budi kumwambia mnunuzi waziwazi kwamba anachopata ni leseni tu.

Je, haya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Mwanzoni mwa muongo wa 2010, kampuni ya Planet Rackus ya Nairobi ilibuni Ma3 Racer, mchezo wa kuendesha matatu katika barabara za jiji letu, ukapakuliwa na watu wa nchi nyingi kupitia duka la simu za Nokia. Duka lile Nokia iliachana nalo miaka michache baadaye, na simu zenyewe sasa zimo katika droo na majaa. Sheria yetu humtaka mchapishaji wa kitabu awasilishe nakala serikalini zihifadhiwe. Mchezo wa video haumo katika hesabu hiyo, na hakuna kampuni kubwa ya Japani au Marekani itakayokuja kuung'arisha mchezo wa matatu za Nairobi.

Rockstar iliomba radhi Novemba 19, 2021, ikakiri kwamba kazi ile haikufikia kiwango chake, na kuwarudishia walioinunua kwa ajili ya tarakilishi matoleo ya zamani. Ukungu ulichukua muda mrefu zaidi. Ulirudi kwanza katika toleo la simu Desemba 2023, kisha kwenye mashine nyingine Novemba 2024, miaka mitatu kamili baada ya kuondolewa, ukiwa ni chaguo ambalo mchezaji huliwasha akipenda.

Nyumbani kwetu bado ipo diski moja ya San Andreas, ya mwaka ambao siukumbuki, iliyonunuliwa kando ya barabara ikiwa katika karatasi ya nailoni na jina lake limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Haikuwa halali wakati ule na si halali leo. Ina mikwaruzo, na sehemu ya jangwani hukwama. Lakini redio zake zina nyimbo zote, ukungu upo, na nati ya Los Santos ina pembe zake sita.